Wabunge Wawili na Shamba la Bondeni

Lori lilimwaga mawe katika shamba la Mwalimu Zenon siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, mchana kweupe, kisha likarudi mjini kuchukua mengine. Mawe yaliangukia juu ya ntumba, yale matuta makubwa ya mviringo ambayo watu wa Ufipa huyafukia majani mwishoni mwa masika, wakapanda maharage juu yake, halafu mvua mpya zikianza wakayavunja na kusia ulezi. Mvua zilikuwa zimeshanyesha mara mbili. Ilikuwa imebaki wiki moja tu ya kuvunja, na Zenon alikuwa ameshanoa majembe.

Mke wake, Cornelia, ndiye aliyeyaona mawe kwanza. Hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akamkuta mumewe anasikiliza redio, akaizima.

"Timoth ameleta mawe bondeni," alisema.

"Mawe ya nini?"

"Nenda ukamuulize. Mimi nimehesabu ntumba thelathini na moja zimelaliwa."

Zenon alikwenda akiwa amevaa kandambili, jambo ambalo mwalimu mkuu mstaafu hafanyi bila sababu. Alimkuta Timoth, mtoto wa marehemu kaka yake, amesimama na bwana mmoja wa mjini mwenye kitambi na simu mbili. Timoth alikulia Kasanga, baba yake alikohamia kuvua, na alikuwa amerudi kijijini mwaka jana tu. Alisalimia vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Haya mawe umeyaokota wapi?"

"Ni ya msingi, baba mdogo. Bwana huyu anajenga ghala la mahindi. Lami imepita, eneo limepanda bei. Shamba lilikuwa la babu, na mzaliwa wa kwanza wa babu ni baba yangu. Mimi nimeuza cha baba yangu."

"Babu yako alinigawia mimi bonde hili nikiwa na miaka ishirini na mbili. Kijiji kizima kinajua."

"Kijiji kinajua," alikubali Timoth, kwa upole wa mtu aliyejipanga. "Lakini una karatasi?"

Bwana wa mjini alitazama kandambili zake, akatazama pembeni kwa adabu. Dharau ya namna hiyo haina hata kelele za kumwezesha mtu kukasirika. Zenon alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya kata, akaambiwa aje Alhamisi mbele ya baraza la usuluhishi, yeye na mashahidi wake na nyaraka zake. Karani alilirudia lile neno nyaraka mara mbili, kana kwamba Zenon ni mgumu wa kusikia.

Karatasi hakuwa nayo, na sababu yake kijiji kizima kilikuwa kinaijua vilevile.

*

Kila Jumapili baada ya misa, Fabiani alikuja kula kwa dada yake Cornelia, na kila Jumapili yeye na shemeji yake Zenon waligombana juu ya wabunge wawili. Mmoja alikuwa marehemu Wilibrodi, aliyelishika jimbo miaka kumi na mitano. Mwingine ni Evans, aliyemwangusha Wilibrodi, akakaa miaka mitano, naye akaangushwa, sasa yuko Dodoma kwenye bodi ya kitu fulani. Mbunge wa sasa hakuna aliyemgombania. Mabishano yale yalianza Wilibrodi angali hai na yalikuwa hayajapumzika, hata msibani kwa Wilibrodi, ambako wazee ilibidi wawakalishe mbalimbali.

Jumapili ile Zenon alitamani shemeji yake augue kidogo asije. Alikuja, na kofia yake, na habari zote alikuwa nazo.

"Pole, shemeji," alisema Fabiani akivuta kigoda. "Nimeyaona. Mawe mazuri, ya kutoka Izia yale."

"Asante."

Walikula kimya. Cornelia alikaa chini kando ya mlango akichambua maharage ya mbegu kwenye ungo. Fabiani alijitahidi sana. Alifika hadi katikati ya tonge la tatu.

"Ila nisiseme?"

"Sema tu, utapasuka."

"Evans alileta wapimaji hapa miaka minane iliyopita. Bure! Mtu unasimama tu kwenye mpaka wako na jirani yako, unasaini, unangoja hati ya kimila. Wewe ukasimama mkutanoni mbele ya watu mia nne ukasema nini?"

"Usinikumbushe hotuba yangu, naikumbuka."

"Ulisema karatasi hizo zinakwenda benki kuweka rehani mashamba yetu. Ulisema ni upimaji batili wa mbunge asiyejua hata majina yetu. Nusu ya kijiji ikakusikiliza, kwa kuwa umewafundisha kusoma!"

"Nilisema alichosema Wilibrodi."

"Ndiyo maana yake! Kumi na tano, shemeji. Kumi na tano! Tutajie alichoacha. Darasa moja, na paa likaenda na upepo mpaka Mollo. Evans kwa mitano ametuachia bomba la maji, zahanati—"

"Zahanati haina nesi."

"Nesi hazaliwi na mbunge! Jengo lipo."

"Popo wanalipenda sana. Lami je? Wilibrodi aliiomba bungeni kila mwaka. Evans alikuta mkataba umesainiwa, yeye akaja kukata utepe."

"Aliyekata ndiye aliyepita juu yake. Mwenzako aliomba miaka kumi na mitano mpaka ombi likaota mvi."

Kwa kawaida hapo Zenon alipandisha sauti. Siku hiyo aliongea chini chini, na Fabiani alijua yanayofuata, akaweka tonge chini.

"Baltazari alipofariki," alisema Zenon, "Wilibrodi alikuja siku ile ile ya ajali. Alikuwa ameshaangushwa, hana ubunge, hana cha kutafuta. Alikaa kwenye mkeka huo siku tatu, akala ugali wetu wa ulezi. Makaburini alishika chepe yeye mwenyewe. Evans ndiye aliyekuwa mbunge. Alituma dereva na bahasha, na dereva hakuzima hata gari."

"Laki moja ilikuwemo," alisema Fabiani, lakini kinyonge.

"Ilikuwemo. Na jina la marehemu lilikuwa limekosewa."

Cornelia aliendelea kuchambua maharage. Baltazari alikuwa mtoto wao wa kiume wa pekee, mdogo wake Angela, na pikipiki aliyoanguka nayo ilikuwa ya mkopo. Baada ya mazishi Zenon alikaa miezi miwili bila kusema zaidi ya neno moja kwa siku, mpaka Wilibrodi alipopita tena, akamkalisha nje, akamuuliza habari za mashairi aliyokuwa akiwafundisha watoto darasa la sita. Siku ile Zenon aliongea hadi jua likazama. Kwa hiyo mtu akimwambia kwamba Wilibrodi hakuacha kitu jimboni, Zenon alijiona kama anaambiwa kwamba yeye mwenyewe si kitu. Hakuwahi kulisema hivyo kwa mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*

Fabiani alipoondoka, Cornelia alipembua ungo wake mara ya mwisho, akauweka chini.

"Mwalimu, shamba limepimwa."

"Lipi?"

"La bondeni. Wapimaji walipopita wewe ulikuwa umekwenda mjini kwenye kikao cha Wilibrodi. Walisema mwenye shamba asimame mpakani. Nikasimama."

Zenon alimtazama mke wake kama mtu anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi bora.

"Kwa jina la nani?"

"Waliuliza nani aliyepo. Nikasema Cornelia."

"Bila kuniambia."

"Ulikuwa umeshasema kwenye mkutano. Ningekuambiaje?"

"Na hati iko wapi?"

"Ofisi ya kijiji, kabatini. Walizileta zote pamoja. Niliogopa kuichukua, ungeiona."

Zenon aliinuka, akazunguka chumba ambacho hakikuwa na nafasi ya mtu kukizunguka, akakaa tena. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua ikae wapi: mke wake amemsaliti, na mke wake ameliokoa shamba, na yote mawili ameyafanya kwa mkono mmoja.

"Siendi mbele ya watu kuinuliwa na karatasi ya Evans," alisema hatimaye. "Nitaita wazee. Watu wanajua baba alinipa."

"Wazee uliokuwa nao umebaki na mmoja, na hasikii."

"Kuna haki, Mama Angela."

"Ipo. Na wiki ijayo ipo ya kusia ulezi. Ulezi tutausia juu ya hotuba?"

Cornelia hakuwa mwanamke wa kusema maneno makali; katika miaka thelathini na minne ya ndoa aliyasema labda mara nne, na Zenon alikuwa anazikumbuka zote. Jumatatu asubuhi alivaa viatu vyake vya ngozi, akaenda kwa mtendaji wa kijiji, akamwomba aje Alhamisi na daftari la upimaji. Hakusema ni la upimaji gani, naye mtendaji, aliyekuwa mwanafunzi wake, hakuuliza.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa kata. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Getruda, mkunga mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu walikuwa wengi kuliko kesi yenyewe. Fabiani alikaa benchi la mbele. Shigela, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Usukuma na ambaye shamba lake linapakana na la Zenon upande wa mto, alikaa nyuma kabisa na fimbo yake, kama mtu aliyepita tu.

Timoth alieleza vizuri. Babu, mzaliwa wa kwanza, haki ya yatima. Alisema yatima mara kadhaa, ingawa alikuwa na miaka thelathini na tisa. Bwana wa mjini alikaa kando yake na zile simu mbili.

Zamu ya Zenon ilipofika alisimama, akasema baba yake alimgawia, akasema mwaka, akasema kwamba liko daftari. Akakaa haraka.

Mtendaji alifungua daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti, maana hajawahi kujua kusoma kimoyomoyo. Zenon alikuwa akimpigia kelele juu ya hilo tangu darasa la nne.

"Upimaji wa mashamba, siku ya kwanza, bonde la mto. Namba moja. Wilibrodi…" Alisita, akayataja majina yote matatu. "Ekari arobaini na mbili. Amesaini mwenyewe. Namba mbili. Cornelia, ekari tatu. Amesaini mwenyewe. Jirani upande wa mto, Shigela, amesaini. Jirani upande wa—"

"Rudia namba moja," alisema Fabiani.

"Haihusiani na shauri," alisema Mama Getruda.

Lakini ukumbi mzima ulikuwa umeshasikia. Kulitokea minong'ono, na mtu mmoja nyuma akacheka, akakohoa kuficha kicheko. Zenon aliomba kuliona daftari. Alilishika kwa mikono miwili. Saini ilikuwa ile ile iliyokuwa chini ya barua ya rambirambi aliyoitunza ndani ya Biblia: W kubwa, na mkia mrefu uliopinda. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile ambayo Zenon alisimama mbele ya watu mia nne akawaambia wasisaini. Na siku hiyo hiyo kulikuwa na kikao mjini, ambacho Wilibrodi alikiitisha na kisha akachelewa kufika kwa saa tatu nzima. Alisema gari lilikuwa limemharibikia. Zenon alikuwa amempa pole.

Aliona aibu. Si aibu ya kupoteza. Aibu ya mtu aliyetumwa akaenda mbio, kumbe aliyemtuma amekaa.

Timoth aliliona pengo.

"Mwenyekiti, baba mdogo mwenyewe alisema hadharani kwamba upimaji huu ni batili! Nilikuwa Kasanga, lakini hotuba ile ilinifikia hata huko. Mama alisaini bila ruhusa ya mume. Muulizeni kama aliridhia."

Mama Getruda alivua miwani.

"Mwalimu. Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Uliridhia mke wako aandikwe mwenye shamba?"

Zenon akisema hapana, hati imeingia doa na bwana wa mjini anajenga. Akisema ndiyo, amedanganya mbele ya Mama Getruda mwenye msalaba shingoni, na kila aliyemo anajua kwamba amedanganya. Zenon alikuwa amefundisha miaka thelathini na sita kwamba swali lijibiwe kama lilivyoulizwa.

"Sikuwepo," alisema. "Sikujua. Upimaji niliuita batili, na nilikosea. Waliokuwepo mkutanoni na hawakupima kwa ajili ya maneno yangu, nawaomba radhi, najua mmo humu." Akamgeukia mwenyekiti. "Shamba baba alinipa mimi. Mimi sikulisimamia. Aliyesimama mpakani ni Cornelia. Naridhia leo. Andikeni."

"Shigela," aliita Mama Getruda. "Hii saini ni yako?"

Shigela alisimama na fimbo yake. Zenon aliwahi kusema hadharani kwamba Evans anawapimia wageni wa ng'ombe ili apate kura, na mgeni aliyekuwa akimsema ni huyu.

"Ni yangu, mama. Tuliuweka mpaka na huyu mama, penye mti wa msuku. Hata mawe yale yamemwagwa ndani ya kwake, hayakufika kwangu. Ng'ombe wangu wangeyajua."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Timoth. Bwana wa mjini aliangalia simu moja, akaangalia ya pili, akasema kwamba yeye si mtu wa kesi, anataka pesa yake ya awali. Baraza liliandika kwamba mawe yaondolewe ndani ya siku saba, na asiyeridhika aende baraza la wilaya. Timoth hakwenda. Alikuwa na deni la kumrudishia mtu mwenye kitambi, na hilo lilimtosha.

*

Walirudi kwa miguu, Zenon, Cornelia na Fabiani. Fabiani alijikaza hadi walipoliacha kanisa nyuma.

"Namba moja!" alisema. "Namba moja kabisa, shemeji! Ekari arobaini na mbili! Hakusubiri hata—"

"Fabiani," alisema Cornelia. "Hati yako iko wapi?"

Fabiani alianza kurekebisha kofia yake.

"Wewe ulisaini kwa furaha, ukawapikia wapimaji kuku. Evans aliposhindwa uchaguzi, je, alikuja kuyatafuta mafaili ya upande wenu wa juu? Hati zenu zimeshachapwa?"

"Zinashughulikiwa."

"Miaka sita."

Njia panda Fabiani alikata kwenda kwake, akiwa amevua kofia bila sababu. Mume na mke waliendelea. Zenon alitembea mbele kama ilivyo desturi, kisha akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Mlikuwa namba moja na namba mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulimwona."

"Alikuwa mbele yangu, tulisimama karibu saa nzima. Alinisalimia vizuri. Aliuliza mguu wako, aliuliza mahindi. Halafu akasema, 'Mama Angela, Mwalimu asijue.'"

"Nisijue kwamba wewe umepima."

"Hapana. Kwamba yeye amepima."

Kwenye tuta la barabara watoto walikuwa wanachunga mbuzi. "Shikamoo Mwalimu!" Aliwaitikia wote.

"Miaka minane," alisema. "Kila Jumapili unakaa pale mlangoni unanisikiliza namsifu."

"Nilikuwa nachambua maharage."

"Nakuuliza kweli, Mama Angela. Kwa nini hukuniambia?"

Cornelia alihamishia kikapu mkono wa pili.

"Nilitaka kukuambia mwaka ule ule. Halafu Baltazari akafariki, ukanyamaza. Nilikuwa nakuwekea chakula na kukitoa. Mimi nilikuwa nimempoteza mtoto na wewe umekwenda naye. Aliyekuja akakufungua mdomo ni yule. Sasa nikunyang'anye na yule?"

Zenon alichukua kikapu alichobeba mkewe, kilichokuwa na kitenge na chupa ya maji tu, akakibeba yeye hadi nyumbani.

*

Shigela alileta mkokoteni na maksai wawili, mawe yakatolewa kwa siku mbili. Lakini wiki ilikuwa imekwisha, mvua imeshika kweli, na ntumba zilikuwa hazijavunjwa. Jumapili baada ya misa walikwenda bondeni wote na majembe, na padre alikuwa amewaruhusu. Fabiani naye alikuja bila kuitwa.

Walilima kimya hadi saa saba. Kulikuwa na kitu kinakosekana, na Fabiani ndiye aliyekuwa anakitafuta. Alimtupia shemeji yake jicho mara nyingi, kuona kama ataanza. Zenon alikuwa anavunja tuta, anasambaza udongo mweusi wenye majani yaliyooza, anakwenda kwenye linalofuata.

"Evans angetuletea trekta hapa," alijaribu Fabiani.

"Huenda," alisema Zenon, bila kuinua kichwa.

Fabiani alingoja. Hakikufuata kitu. Akalima tuta zima, na la pili, na uso wake ukazidi kuingia huzuni, kwa sababu miaka kumi na zaidi ya Jumapili si kitu kidogo, na mtu hawezi kubishana peke yake. Mwishowe alisimama, akaegemea mpini.

"Ila Wilibrodi angekuja," alisema. "Tuseme ukweli. Angesikia kwamba tumechelewa, angekuja na jembe lake."

Zenon alisimama na yeye. Cornelia, aliyekuwa nyuma yao akisia, aliacha kurusha mbegu.

"Angekuja," alisema Zenon. "Angelima mpaka jioni, na asingetaka hata maji."

Kisha aliinama haraka, akaendelea kulima, na machozi yalimtoka mbele ya shemeji yake, kwa kuwa ilikuwa kweli.